Prefe na Mashua ya Miili Mitatu

Kwetu Lubumbashi mkuu wa shule ya sekondari anaitwa prefe, na wetu hakuwa na jina jingine. Wanafunzi walimwita Prefe, mapadri walimwita Prefe, wauza makaa wa njiani walimwita Prefe, na mke wake, ambaye sisi walimu tulimwita Mama Prefe, alimwita hivyohivyo akiwa jikoni kwake. Nilifundisha jografia chini yake miaka mingi, wakati nchi ikiitwa Zaire na sisi wote tukiitana *citoyen* na *citoyenne*, yaani raia, mwanamume na mwanamke.

Nikimkumbuka, namwona kwanza amesimama katikati ya ua wa shule asubuhi, mikono nyuma, abakosti yake, lile koti lisilovaliwa na tai, imefungwa vifungo mpaka shingoni, anaangalia moshi wa bomba refu la kiwanda cha shaba. Watu wengi mjini waliuangalia moshi ule ili kujua kama kazi inaendelea na mshahara utakuja. Yeye aliuangalia kwa ajili ya upepo.

"Leo unaenda Karavia," alikuwa akisema, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa. Au, "Leo umelala." Kisha alipiga kengele mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na saa.

Alikuwa mtu wa kaskazini, wa ziwa Tanganyika, na kazi ilimleta katika mji ambao maji yake ni mto mdogo na lile ziwa la kutengenezwa upande wa Karavia, ambako Wazungu wa kampuni walikuwa wakicheza na mashua zao siku ya Jumapili. Aliliita lile ziwa "sahani". Hata hivyo, baada ya misa alikuwa akienda kulitazama, na viatu vyake vya kanisani vilirudi na matope.

Ukali wake ulijulikana mpaka shule za jirani. Mwalimu mmoja wa hesabu alizoea kuwapelekea watoto wake vipande vya chaki wachezee nyumbani. Prefe alimsimamisha mbele yetu sote katika mkutano na kumwambia atoe mifuko nje. Vipande vitatu vilianguka mezani.

"Hii chaki iko ya batoto ya bantu," alisema Prefe. "Si ya batoto yako."

Yule mwalimu alikuwa mtu mzima, na siku ile aliondoka bila kuaga. Lakini Prefe huyohuyo alimfukuza mwanafunzi kwa kuchelewa, na saa sita ukipita kwake ulimkuta mwanafunzi yule amekaa katika lupango, yaani ua wa nyumba ya Prefe, kwenye kivuli cha ukuta, anakula bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu. Mama Prefe alituambia mara nyingi, "Yee anafukuza, miye ninalisha. Njo ndoa yetu."

Mimi nilimfahamu zaidi kwa sababu ya ramani. Darasani kwangu palikuwa na ramani kubwa ya ziwa Tanganyika, ya kitambaa, iliyoachwa na mapadri. Siku moja, wanafunzi walipokwisha kutoka, aliingia na kubisha baada ya kuingia.

"Citoyenne, niazime ziwa langu."

Akasimama mbele ya ramani, akaweka kidole kwenye Kalemie, akakishusha polepole kando ya maji mpaka Moba. Aliniambia kwamba akistaafu atasafiri kwa tanga pwani yote ile, yeye na mke wake, wakilala leo kwenye misheni hii, kesho katika kijiji kile. Alitaka mashua ya kwenda mbio, kwa sababu mchana upepo wa kusini unaamsha mawimbi makubwa na mtu mwenye chombo kizito anakamatwa katikati, mbali na mchanga. Na alishajua aina ya mashua. Mhandisi mmoja Mbelgiji aliyerudi kwao alimwachia rundo la magazeti ya Kifaransa ya mambo ya mashua, na humo aliiona trimara: chombo chenye mwili mmoja katikati, na miili mingine miwili myembamba pembeni, imeshikwa kwa mikono kama ndege aliyefungua mabawa.

"Ile ya katikati inabeba bantu," alinieleza. "Ile mbili ya pembeni inakataza kuanguka. Basi hauitaji kuweka uzito chini. Bila uzito, inaruka."

Hapo ndipo ilipoanza miaka ya kuchagua. Sijaona mtu aliyechagua kitu kwa uzito namna ile, na nimewaona watu wakichagua wake. Magazeti yalikuwa na michoro miwili iliyomfaa. Wa kwanza ulikuwa wa mashua ndogo, wazi, nyepesi, ambayo watu wawili wangeweza kuivuta mchangani. Usiku wangelala pwani chini ya turubai. Wa pili ulikuwa wa mashua kubwa zaidi, yenye kijumba cha kulala watu wawili na mahali pa jiko, lakini ilikwenda polepole. Zote mbili mikono yake ilikunjwa, na hilo kwake lilikuwa sharti la kwanza, maana chombo kingepanda treni mpaka Kalemie na behewa halipanuki kwa ajili ya mtu. Aliita ya kwanza "ya mbio" na ya pili "ya nyumba". Alibishana nazo njiani, peke yake, na watoto waliokuwa nyuma yake walimwiga.

Aliamua ya mbio. Alinunua mbao nyepesi zilizobanwa, zile tunazoita tripleksi, kidogokidogo, akazipanga chumbani chini ya kitanda. Zilipotosha, alimwita Mama Prefe na kumwonyesha mchoro. Nilikuwapo, nilikuwa nimeleta kalamu za rangi.

Mama Prefe aliutazama mchoro kwa muda. "Na miye nitalala wapi?"

"Ku muchanga. Chini ya turubai. Ni muzuri, utaona nyota."

"Prefe, nilizaa batoto saba. Magoti yangu inauma. Mi siwezi kulala ku muchanga sawa muvuvi. Kama bwato haina nyumba, utaenda mwenyewe."

Hakusema kwa hasira. Alirudi jikoni. Prefe alikaa na mchoro mapajani, na nilidhani ataichukua ya nyumba, kwa sababu alimpenda mke wake. Lakini hakuweza kuiacha mbio. Kwa wiki nyingi alichora mwenyewe mchoro wa tatu: wepesi wa ile ndogo, na kijumba cha ile kubwa. Ili kijumba kisiilemee, miili ya pembeni ilibidi irefushwe, na mikono iongezwe nguvu. Ulikuwa mchoro mzuri, nasema kweli. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba ulidai tripleksi karibu mara mbili ya ile aliyokuwa nayo chini ya kitanda, na wakati ule tripleksi haikuonekana tena mjini, hata kwa Wagiriki wa madukani.

Ilionekana shuleni. Serikali ilikuwa imeleta shehena ya kutengenezea viti na meza za darasa la kwanza, na ilikaa ghalani ikingoja mafundi.

Mtunza ghala alikuwa mtu mpole, mwenye shingo ndefu, tuliyemwita Magaziniye. Mke wake alikuwa wa Sakania, kule mpakani. Wakati wa likizo kubwa Prefe alimwambia afungue ghala, kwamba zile mbao zinahamishwa kwa muda mahali pakavu. Magaziniye alifungua na kusaidia kupakia. Zilihamia lupango la Prefe. Sisi wengine tulioona mashua ikisimama uani kwake, ndefu, kifua chake chembamba, tuliambiwa mbao zimetoka katika masanduku ya yule Mbelgiji, na tuliamini. Nani angemshuku mtu wa vipande vitatu vya chaki?

Shule ilipofunguliwa, alikuja inspekta wa shule, mtu mnene mwenye kicheko, na kutaka kuona viti. Hapakuwa na viti. Akataka kuona mbao. Tulikuwa tumejipanga uani, walimu wote.

"Citoyen Magaziniye, mbao iko wapi?"

Magaziniye alimgeukia Prefe. Hakumtazama kwa kumlaumu. Alimtazama kama mtu anayemsubiri mkubwa wake ajibu kwanza, kwa adabu tu. Prefe aliinua uso akaangalia moshi wa kiwanda.

Alingoja sana, Magaziniye. Mwishowe alisema, "Sijui, mukubwa."

Aliondolewa kazini siku ileile, na jina la mwizi likaandikwa juu yake. Alichukua mke na watoto, akapanda treni ya Sakania.

Habari za Prefe na zile mbao nilizijua baadaye. Wakati ule niliona tu mtu aliyebadilika. Watoto wa darasa la kwanza walikuja na matofali kutoka kwao, wakawa wanakalia matofali hayo, daftari magotini. Njia ya Prefe kutoka ofisini hadi lango kuu ilipita mbele ya dirisha lao. Akaanza kuzunguka nyuma ya vyoo. Aliacha kupekua mifuko ya mtu yeyote. Kwenye misa alibaki benchi la mwisho, na wenzake walipokwenda kupokea komunyo alipiga magoti akijifunga kamba za kiatu. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Sina ugonjwa, mwana," alisema. Kisha akaongeza: "Bwato inaisha."

Iliisha kwelikweli. Jumapili moja ya kiangazi tuliipeleka Karavia kwa lori la kuazima, akafungua mikono yake kandokando ya maji, akasimamisha mlingoti. Tulipanda watu watatu: yeye, Mama Prefe na mimi. Nilikuwa naogopa, sikujua kuogelea. Upepo ulipoingia kwenye tanga, nilingoja kile chombo kiiname kama mashua nyingine. Hakikuinama. Kilitulia kama mtu anayevuta pumzi, kisha kikaondoka. Maji yalianza kuimba chini ya miguu yetu. Kofia ya Prefe iliruka na hakugeuka kuitafuta. Mama Prefe alikuwa amekaa mlangoni mwa kijumba chake, magoti yamenyooka, anacheka mpaka machozi, na yeye Prefe alikuwa akirudia neno moja tu: "Unaona? Unaona?" Wazungu wachache waliobaki kwenye klabu yao ya mashua walisimama na bilauri mkononi. Tulivuka ile sahani yake kabla sijamaliza sala niliyokuwa nimeianza.

Tuliporudi ufukweni, watoto walikuwa wamejaa pale. Walikuwa wanafunzi wetu, wengi wao wa lile darasa la matofali; walikuwa wamesikia kwamba Prefe anakwenda majini. Waliingia ndani ya maji na nguo zao za kanisani, wakaishika mashua huku na huku, wakaivuta juu kwa wimbo. Msichana mmoja mdogo aliupapasa ubavu wake uliosuguliwa vizuri.

"Prefe, bwato yako iko muzuri sana," alisema. "Mbao yake iko laini."

Nilimwona Prefe akimwangalia yule mtoto, kisha mikono yote ile midogo iliyokuwa juu ya mbao. Uso wake ulizima.

Kesho yake, wakati wa bendera, tulipokwisha kuimba na kupiga makofi kwa ajili ya Chama, yeye hakutupa ruhusa ya kutawanyika. Alipanda ngazi.

"Mbao ya biti byenu," aliwaambia watoto, "ni miye nilibeba. Nilitengeneza nayo bwato. Magaziniye hakuiba kitu. Alifungua mulango sababu nilimwambia afungue. Balimufukuza, na miye nilinyamaza."

Mwalimu wa mafundisho ya Chama, aliyekuwa karibu nami, alinong'ona, "Amejimaliza." Yule mwalimu wa hesabu alikuwa ameinama, na ningemwelewa kama angetabasamu, lakini alikuwa analia. Prefe alishuka, akaingia ofisini, akavaa vizuri, akaenda mwenyewe kwa inspekta. Mama Prefe alikuwa ameshamfungia shuka na sabuni za kwenda nazo gerezani.

Alirudi saa tisa. Alinikuta kwenye ramani yangu, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakiwa juu.

"Alicheka," aliniambia.

"Nani?"

"Inspekta. Alicheka mpaka akafungua kifungo. Anasema, 'Prefe, miaka hii yote ulikuwa unatuogopesha. Tulizania hauko muntu. Sasa tunaona uko wa kwetu.' Akaniagizia bia."

"Na Magaziniye?"

"Anasema yule alishaandikwa mwizi. Kufuta ni kazi mingi." Alitazama mikono yake. "Niliendaka kupata malipizi, mwana. Banirudisha na bia."

Hilo halikuwa baya kuliko yote. Kabla ya mwaka kuisha alipandishwa cheo, akapewa kazi juu yetu, ya kuangalia shule kadhaa, na gari la jipu la kutembelea. Watu walimpa mkono barabarani kwa furaha mpya, hata wale waliokuwa wakimkwepa. Walimwona sasa kuwa mtu anayeweza kuelewana naye. Na Jumapili inspekta alitaka matembezi ya mashua pamoja na wageni wake. Prefe aliwachukua. Mara ya kwanza nilikuwa ufukweni na Mama Prefe. Tulimwona anashika usukani, mgongo umenyooka, na kule mbele inspekta ameketi mlangoni mwa kile kijumba, chupa kati ya magoti, akiwaonyesha wageni ziwa kwa kidole kana kwamba ni yeye aliyelimwaga. Mama Prefe hakucheka. "Ile mahali yangu," alisema tu.

Baada ya matembezi ya pili, Prefe alichukua msumeno. Aliikata mashua yote, katika lupango lake, mchana kweupe, majirani wakimwangalia. Aliita mafundi wa shule wakatengeneza viti. Vilikuwa viti vya ajabu, maana mbao za ubavu wa mashua zilikuwa zimepinda, na mtoto aliyekaa ovyo aliteleza akajikuta chini. Lakini darasa la kwanza liliondoa matofali yake.

Inspekta alikasirika sana. Alikuwa ameshamwahidi mkubwa mmoja kutoka Kinshasa. Hivyo Prefe, ambaye kwa kuchukua mbao alipandishwa, kwa kuzirudisha alishushwa. Walimnyang'anya jipu, wakampeleka kufundisha katika shule ndogo huko kwenye reli, upande wa Sakania. Aliipokea barua ile kwa utulivu, karibu kwa shukrani. Mama Prefe alikwenda naye, na huko huko, miaka miwili baadaye, tulisikia amefariki.

Mara ya mwisho nilimwona Prefe kwenye stesheni ya Sakania. Nilikuwa nakwenda Zambia kumwona dada yangu, na treni ilisimama pale muda mrefu kama kawaida yake. Alikuwa amekaa kwenye benchi, amekonda, abakosti ileile imefungwa mpaka juu. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulizungumza habari za Mama Prefe, na za shule. Kisha akaniambia, bila kuulizwa, kwamba Magaziniye ana kibanda cha chumvi na sabuni kule ng'ambo ya reli, na kwamba kwa miaka yote aliyokaa huko alikuwa akipita njia ya mbali ili asionane naye. Wiki iliyopita ndipo alipokwenda.

"Alinipokea muzuri," alisema. "Bibi yake alipika samaki. Nilitaka kuomba radhi, akanikataza, akasema tukule kwanza. Kisha akaniuliza. 'Minasikia uliikata. Lakini kabla ya kuikata, ilikuwa inakimbia?'"

"Ulimwambia nini?"

Prefe alikuwa akiangalia chini. "Nilisikia soni. Niliona ni vibaya kumwambia nilifurahi na kile kilimuharibia maisha. Nikasema hapana. Nikasema ilikuwa nzito, haikwenda kitu. Yee aliweka samaki chini. Akasema, 'Basi ilikuwa bure.' Hakula tena."

Mimi nilikuwa ndani ya ile mashua. Nilisikia maji yake. Nilisimama nikamwambia, "Prefe, twende. Sasa hivi." Alikataa kwa kichwa, lakini nilikwisha kumshika mkono, na alinifuata kama watu wazee wanavyofuata.

Magaziniye alikuwa akimpimia mwanamke mmoja chumvi. Alizeeka vizuri kuliko sisi. Alinisalimia, "Mama, karibu," akamaliza kupima, akamfungia mteja wake, ndipo akainua macho. Prefe alisimama mbele ya kile kibanda mikono ikiwa ubavuni.

"Nilikudanganya," alisema. "Ilikimbia."

"Sana?"

"Sana. Haiko bwato hata moja ilipita vile ku Karavia. Mama alicheka."

Magaziniye alinitazama mimi, na nikaitikia kwa kichwa. Alifuta chumvi iliyomwagika mezani, akaikusanya kiganjani, akairudisha guniani. Nyuma yetu mtu alikuwa ameshafika kununua.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Sasa enda, Prefe. Niko na bantu ya kuuzishia."

Tulirudi. Treni yangu ilikuwa inapiga filimbi. Prefe alitangulia, akavuka reli ya kwanza, kisha akasimama kati ya reli mbili na kujifuta uso kwa mkono wa abakosti.

"Umesikia?" aliniuliza. "Ananiita Prefe. Angeniita mwizi, leo ningelala."